Kompyuta Nayo Hutafuta Stesheni

 

Leo nataka tuzungumzie kitu kidogo sana. Kwa ukubwa hakizidi ukucha wa kidole gumba. Huchomekwa kwenye kompyuta, katika tundu lile lile la flashi, na kazi yake ni kuiwezesha kompyuta kunasa mtandao pasipo waya. Mafundi hukiita adapta. Msimu uliopita wa korosho nilikiona kitu hicho kikiwaweka watu wazima zaidi ya ishirini juu ya mabenchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na miongoni mwao walikuwapo wanaodaiwa ada za watoto.

Nilikuwa safarini kukusanya habari za kipindi cha wakulima, katika vijiji vya pwani kati ya Mtwara mjini na mlango wa Mto Ruvuma. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua. Ukishapita Madimba, penye mtambo wa kusafisha gesi asilia, unaingia katika minazi na mikorosho, mchanga unazidi, na kabla hujafika Msimbati simu yako yaweza kukulaki kwa ujumbe wa kukukaribisha Msumbiji, hali mguu wako haujatoka Tanzania. Mimi nililakiwa hivyo. Nikacheka, nikaendelea na safari. Sikujua kwamba ujumbe ule ungenifaa mchana wa siku hiyo hiyo.

Binti ya dada yangu ni karani wa chama cha msingi katika kijiji kimoja cha huko. Nilipita kumsalimu, nikamkuta amejishika tama.

"Shikamoo mjomba. Afadhali umekuja. Kompyuta imegoma."

Kwa msikilizaji asiyeyajua mambo ya korosho, nieleze kwa ufupi. Tangu mwaka 2007 mkoa wetu unauza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, unapimwa, unasafirishwa hadi ghala kuu, unanadiwa, na fedha zinamfikia kwa njia ya akaunti ya benki. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada nayo imefanywa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, lile linaloitwa kwa kifupi TMX. Kwa hiyo baina ya gunia la mkulima na hela yake kuna orodha: jina, kilo, namba ya akaunti. Orodha ikichelewa, hela imechelewa. Siku ile orodha ilikuwa imelala ndani ya kompyuta, na kompyuta haikuwa na njia ya kutoka.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha tofali na bati, ubavuni mwake stoo ya magunia. Dirishani pamewekwa ruta, yaani kile kisanduku chenye laini ya simu ambacho huchukua mtandao mnarani na kuugawa chumbani kwa waifai. Kompyuta ni ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na haikuzaliwa na uwezo wa waifai. Ndiyo maana ikachomekwa ile adapta. Wiki iliyotangulia fundi mmoja wa mjini alikuja "kupiga windo", kama wanavyosema vijana, maana yake kufuta kila kitu na kuweka upya programu endeshi. Alilipwa, akala, akaondoka. Hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Na usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika.

Basi kila mtu alikuwa na maoni yake. Mmoja alisema minara imezimwa. Mwingine, tena kijana msomi, alisema ni ile kebo ya baharini imekatika tena. Hakuwa mjinga huyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima pamoja na majirani zetu tukakaa siku kadhaa na intaneti ya kuchechemea. Wa tatu alitaka kompyuta ipakiwe kwenye bodaboda irudishwe mjini kwa fundi yule yule.

Mimi sasa, mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari na miaka ishirini mbele ya maikrofoni, nikajitia kujua. Nikavuta kiti.

Hapa, wapenzi wasikilizaji, naomba mnivumilie nieleze jambo moja ambalo ningelielewa mapema ningepunguza aibu. Waifai ni redio. Si mfano wa redio. Ni redio hasa. Kituo cha FM unachokisikiliza kiko kati ya megahezi 88 na 108. Waifai ya kawaida iko juu zaidi, karibu na megahezi 2,400. Ruta inarusha na kupokea, adapta inarusha na kupokea, kama watu wawili wenye redio za upepo. Na mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, mtaalamu Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao walioupa jina la ALOHA. Shida yao ilikuwa ya watu wa visiwani: kompyuta kubwa iko kisiwa kimoja, wanaoihitaji wako visiwa vingine, na nyaya za simu si za kutegemea. Wakatumia redio. Kila kituo kilirusha ujumbe wake vipande vipande, na vipande vya vituo viwili vikigongana hewani, kila kimoja kilisubiri kidogo, muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Taratibu za kimataifa za waifai yenyewe zilitoka mwaka 1997. Sisi wakati mitambo ya ALOHA inazungumza tulikuwa na mambo mengine. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku hata kuingiza kompyuta nchini. Tumeanza kwa kuchelewa, lakini redio tunaijua.

Tuendelee. Swali la kwanza nililomuuliza binti lilikuwa hili: "Simu yako inanasa waifai ya ruta hii?" Akanionyesha. Inanasa, na kurasa zinafunguka. Basi palepale mnara ukaachiwa huru, na kebo ya baharini nayo ikaachiwa huru. Safari ya habari ina vituo: kompyuta hadi ruta, ruta hadi mnara, mnara hadi Dar es Salaam na dunia. Simu imepita njia yote kuanzia kwenye ruta. Kilichobaki ni hatua tano za chumbani, kutoka mezani hadi dirishani. Watu wengi hulaumu dunia nzima kabla ya kuzichunguza hatua tano.

Tukaingia ndani ya kompyuta, kwenye orodha ya vifaa vyake. Adapta ilikuwapo, lakini imewekewa alama ya njano ya mshangao. Maana yake kompyuta inaona kwamba kuna kitu kimechomekwa, ila haijui lugha yake. Mkalimani wao ni programu ndogo inayoitwa draiva, na yule fundi alipofuta kila kitu alimfuta na mkalimani.

Sasa angalieni kitanzi kilivyo. Draiva iko kwenye intaneti. Intaneti haipatikani bila draiva. Wengi hukwama hapa na kutafuta bodaboda. Dawa yake ni waya wa kuchajia simu. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya huo, ukawasha kwenye simu kile kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, kompyuta nyingi huipokea simu bila kudai chochote zaidi.

Tukafanya. Kila ukurasa ukakataa, ukasema muunganisho si salama. Nikaanza kutoa jasho. Binti akaniuliza, "Mjomba, leo ni tarehe ngapi?" Nikamtajia. "Basi kompyuta inasema ni Januari 2012."

Naam. Ndani ya kompyuta mna betri ya duara kama shilingi, ambayo huitunzia saa yake umeme unapokatika. Betri ikifa, kompyuta huamka ikiwa imerudi miaka ya nyuma. Na kurasa zenye ulinzi hubeba hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani ni 2012 huziona hati zote kuwa za uongo. Tukarekebisha tarehe na saa. Kurasa zikafunguka.

Hapo msikilizaji ataniuliza: kama simu imeleta mtandao kwa waya, mbona hamkupeleka orodha kwa njia hiyo mkamaliza? Ni swali la haki. Waya wenyewe ulikuwa umechoka. Ukiugusa, unakatika. Faili dogo la draiva tulilivuta kwa majaribio matatu. Kuwajazia wanachama zaidi ya mia moja hela zao kwa waya wa namna ile kungekuwa bahati nasibu.

Kuhusu draiva, neno la tahadhari. Jina lililoandikwa kwenye boksi la adapta halikusaidii sana, kwa sababu makampuni mengi hununua kichipu kile kile na kukibandika majina tofauti. Kinachokusaidia ni namba za utambulisho zilizomo katika orodha ile ile ya vifaa: namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kwa namba hizo ukatafute kwa mtengenezaji wa kichipu, au uiache kompyuta itafute katika ghala la programu endeshi yake. Zile kurasa zinazokuahidi draiva zote za dunia kwa kubonyeza mara moja, ziogope. Mkalimani wa kuokotwa njiani huenda akawa mwizi.

Draiva ikakaa. Alama ya njano ikatoweka. Watu waliokuwa nje wakasogea mlangoni. Orodha ya mitandao ikajitokeza: simu ya kijana mmoja iliyowashwa waifai, na kingine kutoka nyumba ya jirani. Ruta ya chama haimo! Ipo dirishani, taa zake zinawaka, simu ya binti inaiona, kompyuta haiioni.

Ndipo nilipoukumbuka ule ujumbe wa kukaribishwa Msumbiji. Mawimbi hayajui mpaka, lakini mitambo inaujua. Kila nchi huamua masafa gani yatumike kwake. Waifai ya megahezi 2,400 imegawanywa katika chaneli. Nchi nyingi hutumia chaneli ya 1 hadi ya 13. Marekani kwa kawaida huishia ya 11. Adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la huko haihangaiki hata kusikiliza chaneli ya 12 na ya 13. Tukafungua ukurasa wa ruta kwa simu, kwa anwani iliyobandikwa chini ya ruta yenyewe. Ruta ilikuwa imeachiwa ijichagulie chaneli, na umeme uliporudi ilijichagulia ya 13. Kumbe adapta yetu ilikuwa imekaa Mtwara ikidhani iko Chicago.

Tukaihamishia ruta chaneli ya 6. Zinazopendekezwa ni 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Nyingine hukanyagana kama vituo viwili vya redio vilivyobanana. Mara jina la chama likatokea kwenye kioo. Mlangoni wakapiga makofi.

Walipiga mapema. Neno la siri likakataliwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa saba na nusu, njaa inauma, watu wanatutazama. Nikasema neno ambalo leo natubu hadharani: "Liondoe hilo neno la siri. Acha mtandao wazi, tumalize kazi."

Binti akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Hapana mjomba. Humu mna majina ya wanachama na namba zao za akaunti. Leo tukiacha wazi, kesho nani atakumbuka kufunga?"

Nikanyamaza. Mtoto niliyembeba mgongoni amenifundisha kazi yangu mwenyewe. Redio haina mlango. Aliye karibu na ana kifaa, anasikia. Ni kweli kurasa za benki zina kufuli lake, lakini ruta iliyo wazi na mafaili yaliyo katika kompyuta ni mwaliko kwa kila mpita njia. Na tena, ukurasa wa ruta ile ulikuwa ungali unafunguliwa kwa neno la kiwandani, lile lile ambalo mtoto yeyote wa sekondari analijua. Binti alilibadilisha siku hiyo hiyo. Kuhusu neno la siri la waifai, alifanya jambo la akili: aliliandika kwanza mahali ambapo herufi zinaonekana, akalilinganisha na kibandiko. Tulikuwa tunaandika herufi O penye sifuri. Likakubalika.

Likakubalika, ila mawasiliano yakawa yanakuja na kuondoka. Dakika mbili yapo, dakika tano hayapo. Mimi maarifa yangu yaliishia hapo. Ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyekuwa benchi la mbele tangu asubuhi, akainuka na fimbo yake.

"Mwanangu, hicho kinachonasa kiko wapi?"

"Nyuma ya kompyuta, mzee."

"Na hilo kasha ni la nini?"

"Chuma."

"Sasa mimi redio yangu nikiiweka nyuma ya debe, itaimba?"

Wapenzi wasikilizaji, baba yangu alikuwa na redio ya betri nne. Betri zikichoka tulizianika juani. Waya wa antena ulipanda hadi juu ya mkorosho, na sisi watoto tulitumwa kuugeuza taarifa ya habari ilipofifia. Nimekulia chini ya antena, nikasomea utangazaji, nikaishi kwa utangazaji, na bado ilibidi mzee wa korosho anikumbushe kwamba mawimbi hayapiti kwenye chuma! Kasha la kompyuta ni chuma. Bati juu yetu ni chuma. Na mawimbi haya ya juu hufyonzwa hata na maji, kwa hiyo kundi la watu waliosimama baina ya ruta na adapta ni ukuta vile vile.

Palikuwa na waya mfupi wa kurefusha tundu la USB. Adapta ikatolewa mafichoni, ikasimamishwa juu ya meza ikitazamana na dirisha. Watu wakaombwa wasogee. Binti akaondoa pia ile alama inayoiruhusu kompyuta kuizima adapta ili kubana umeme. Mawasiliano yakatulia. Saa tisa orodha ilikwisha kwenda. Mzee akaniambia, "Umefanya kazi, mwanangu," na kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu sikujua kama ni sifa au ni dhihaka.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu si kwa ajili ya kuwachekesha. Nauliza: siku ile tulikosa nini? Kompyuta ilikuwapo. Ruta ilikuwapo. Umeme ulirudi, na mnara ulikuwa hewani. Tulichokosa ni maarifa ya shilingi sifuri, na maandishi ya nusu ukurasa. Vyama vyetu, shule zetu na zahanati zetu zinapewa mashine kwa sherehe na picha. Fungu la kununulia linapatikana. Fungu la kumfundisha anayekaa mbele ya mashine halionekani, kwa sababu mafunzo hayapigiki picha. Kisha siku mashine ikigoma tunamwita fundi kutoka mjini, ambaye akili zake anaondoka nazo mfukoni.

Na mashine hizi zinazungumza lugha gani? Kila tangazo la hitilafu pale ofisini lilikuwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Waliothubutu walionyesha kwamba inawezekana. Tangu wakati huo Kiswahili kimeingia katika simu na kompyuta nyingi, lakini makarani wetu wangapi wameonyeshwa pa kukiwasha?

Yule binti sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika jina na namba za adapta, na mahali draiva ilipohifadhiwa katika flashi inayokaa droo ya fedha. Wa pili, chaneli ya ruta na sababu yake. Wa tatu, mpangilio wa kuchunguza: simu inanasa? tarehe ni sahihi? alama ya njano ipo? ruta inaonekana? adapta imefichwa wapi? Neno la siri hakuliandika humo. Hilo amelikabidhi kwa mwenyekiti katika bahasha iliyofungwa. Betri ya duara imebadilishwa. Fundi atakayekuja kupiga windo atatia sahihi katika daftari hilo kabla ya kupokea ujira wake.

Daftari la kurasa tatu, wapenzi wasikilizaji. Ofisi yako inalo? Shule ya mtoto wako inalo? Kama halipo, usingoje siku ambayo watu ishirini watakaa kwenye mabenchi wakikutazama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nami kwa upande wangu, tangu siku ile nikisikia mtu anasema mtandao umekufa, namuuliza kwanza ameiweka wapi antena. Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.